Bwana Koleo na Uzao wa Kashinje

Tarehe 30 Juni 1988 Bwana Damian Lubinza, Msimamizi wa Mazizi katika Kituo chetu cha Mifugo Mwalukonge, anastaafu baada ya kuutumikia umma kwa miaka ishirini na sita. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa ufupi na kwa uchangamfu. Uchangamfu upo. Ufupi mtanisamehe, maana Bwana Damian hajawahi kufanya jambo lolote kwa ufupi, nami nimekaa naye kazini muda mrefu mpaka nimeambukizwa.

Alizaliwa Ushirombo mwaka 1933 katika familia ya wakulima, akasoma shule ya misheni, na kama si ukaidi wake angekuwa katekista. Mwaka 1962 aliajiriwa hapa kituoni kama msaidizi wa mifugo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusimamia josho na kuhakikisha hakuna ng'ombe anayepita bila kuzama mpaka masikioni. Ni mtu mfupi, lakini ana sauti nzito. Wageni wengi wakimsikia nyuma ya ukuta hutazamia kuona jitu, kisha anatokea yeye na kofia yake ya majani, wanabaki wakichungulia nyuma yake.

Miaka hiyo kituo kiliamini kwamba ng'ombe wa kienyeji ni wadogo mno na hawana faida, na kwamba dawa ni moja tu: madume wadogo wote vijijini wahasiwe, kisha majike wapandishwe na madume wakubwa wa damu ya kigeni tuliowafuga hapa. Bwana Damian alipewa baiskeli, koleo la kuhasia, na eneo lote la kuanzia Masumbwe hadi Runzewe. Kazi hiyo aliifanya kwa bidii ambayo mpaka leo sijui niisifu au niilaani. Hapo ndipo alipopata jina la Bwana Koleo, na wapo wazee ambao hata sasa hawalijui jina lake la ubatizo.

Kengele ya baiskeli yake ikisikika, madume wanatoweka kijiji kizima. Waliswagwa kwenye mihogo, walipelekwa vichakani, walisemekana wamekufa juzi. Nyumba moja huko Bukombe walimfungia dume kijana chumbani kwa bibi, wakamkaribisha Bwana Koleo uji sebuleni. Katikati ya uji, chumba kikaunguruma. Mwenye nyumba akasema bibi ana kikohozi. Bwana Damian akamaliza uji wake taratibu, akampa pole bibi kwa kikohozi kizito namna ile, akaingia chumbani, akamhasi.

Ndivyo mambo yalivyokwenda kwa karibu miaka kumi. Kisha mvua za mwaka 1972 zikapasua ukuta wa josho letu, na kabla fundi hajapatikana, ndigana kali ikaingia kituoni. Kwa wageni watakaosoma haya, ndigana kali ni ugonjwa unaoletwa na kupe. Mnyama anavimba matezi chini ya masikio, anapanda homa, anahema, na mwisho anatoa povu puani na kuanguka. Madume wetu wakubwa wa kigeni, fahari ya kituo, walianguka wote. Bwana Damian ndiye aliyewakokota kwa trekta, na siku zile hakutania na mtu.

Mwaka uliofuata alihamishiwa kwetu Daktari Telesphori Bundala, mtaalamu wa uzazi wa mifugo, mtu mpole aliyependa kufikiri akiwa anatembea. Yeye ndiye aliyetufumbua macho. Alituambia kwamba katika ng'ombe wadogo wa kandokando ya msitu, kule ambako kupe wamejaa tangu enzi na enzi, wamo wanaougua ndigana na kupona wenyewe bila dawa. Kinga hiyo wanazaliwa nayo. Inatoka kwa baba na mama kwenda kwa ndama kama linavyotoka umbo la pembe. Tukimpata dume mwenye kinga hiyo, tukampandisha kwa majike wetu, tutapata ng'ombe ambao mfugaji anaweza kukaa nao hata josho likikauka. Akamgeukia Bwana Damian, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyajua mazizi yote, akamuuliza madume wa aina hiyo wako wapi.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeajiriwa karibuni, kazi yangu kuangalia damu na majimaji ya matezi kwa darubini, na nilikuwa nasafisha vioo. Niligeuka kumtazama Bwana Damian. Akasema, "Daktari, niliwamaliza mimi." Asubuhi yake alikwenda stoo, akarudisha koleo, akatia pumzi baiskeli na kwenda kutafuta.

Huyo ndiye Damian Lubinza tunayemuaga. Mtu mwingine angesema alitumwa, na kweli alitumwa. Yeye alichukulia kwamba alichokiharibu kwa mikono yake lazima akitafute kwa miguu yake.

Shida ilikuwa kwamba wafugaji walimjua kwa kazi moja tu. Kengele ikilia, madume wanafichwa kama zamani. Akasema safari hii haji kuhasi, anakuja kuomba dume asihasiwe. Wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakazidi kuficha. Ikabidi abuni namna yake ya kubisha hodi: akifika uani, kabla hata ya kuamkia, anaufungua mfuko wake na kuumwaga chini wote, watu waone kwamba hamna koleo. Vinaanguka muhogo mkavu, rozari, chupa za maabara na soksi. Baada ya hapo ndipo anasema "Mwangaluka", na ndipo watu wanaitika.

Wachimbaji dhahabu wa karibu na Masumbwe nao walimsumbua kwa namna yao. Walimwona akipita mara kwa mara na kisanduku kidogo akikibeba kwa uangalifu wa ajabu, wakajua huyu ni mnunuzi, ana mzigo. Wakamzingira njiani wakamtaka afungue. Alifungua. Ndani mlikuwa na kupe wazima aliokuwa akiniletea mimi maabara. Inasemekana kundi lile lilitawanyika kwa kasi ambayo hata mgodi ukibomoka hawaikimbii, na toka siku hiyo alipita salama.

Alitafuta kiangazi kimoja, akatafuta na cha pili, mwaka ambao watu walikuwa wakihamia vijiji vipya na mifugo ilikuwa imechanganyikana njiani. Alikonda. Daktari alimwambia apumzike, akakataa. Mwishowe alimpata, nje kidogo ya Ushirombo, karibu kabisa na alikozaliwa, katika zizi la mjane aitwaye Nyamizi. Dume mwekundu, mfupi, mwenye pembe kama vidole gumba. Alizaliwa kwa taabu, akatanguliza miguu, kwa hiyo Mama Nyamizi alimwita Kashinje, jina la mtoto anayekuja duniani kwa namna hiyo. Mwaka ambao Bwana Koleo alipita pale na koleo lake, Kashinje alikuwa msituni na wachungaji, na mama huyo alisema kwa uso mkavu kwamba zizi halina dume.

Bwana Damian aliniletea majimaji ya matezi ya ndama wa zizi lile. Niliweka kioo chini ya darubini nikaviona vijidudu vya ndigana, vingi kabisa. Nikamwambia ndama huyu nadhani ameshakufa. Akajibu kwamba amemwacha akinyonya na kurusha mateke. Sikuamini. Akanipakia kwenye baiskeli nikaone mwenyewe, na nilikuta ndama wote wa Kashinje wana matezi yaliyovimba au yaliyokuwa yanapungua, na wote wako kwenye majani. Sijasahau jinsi alivyosimama pale mlangoni mwa zizi akipangusa macho na kofia.

Basi tulidhani tumemaliza, kumbe tulikuwa tumechelewa. Kashinje alikuwa ameshatajwa kwenye mahari. Mageni, kijana wa Mama Nyamizi, alikuwa anaoa kwa Mzee Jilala huko Masumbwe, na ng'ombe walikuwa wameshapangwa. Mama Nyamizi alisema wazi kwamba ng'ombe aliyetajwa mbele ya wakwe harudi nyuma, labda wakwe wenyewe wamkatae. Wakimkataa, kituo kimchukue, yeye atapewa maksai mkubwa badala yake. Nasi tulijua Mzee Jilala anakusudia nini: alilima pamba, alihitaji maksai wa plau, na dume mfupi mwenye nguvu anahasiwa vizuri.

Wanaozijua desturi zetu wanajua jinsi ng'ombe wa mahari wanavyokaguliwa. Wakwe wanapita katikati yao, wanapapasa, wanatazama meno, na mnyama mdogo au mwenye dosari wanamkataa bila haya. Siku ya kukagua ng'ombe wa Mageni, pande zote mbili zilimwalika Bwana Damian kama mtu wa serikali anayewajua ng'ombe. Kilichotakiwa kilikuwa chepesi. Wakifika kwa Kashinje, aseme dume huyu ni mdogo. Lilikuwa neno la kweli, tena alikuwa amelisema mazizini kwa miaka mingi. Mzee Jilala angemkataa, na jioni tungerudi naye. Daktari Telesphori alimwambia afanye atakavyoona, lakini kwa jinsi alivyosema tulijua anatamani nini. Mimi nilimwambia moja kwa moja aseme. Nilikuwa kijana, na nilimtaka yule dume.

Wakafika kwa Kashinje. Mzee Jilala akamzunguka, akapinda midomo, akasema kama ni kimo tu, hata mbuzi wake wanamzidi. Kisha akamgeukia Bwana Koleo amsikie. Upande wa Mageni wakainamisha vichwa, maana ng'ombe akikataliwa mbele ya watu ni aibu ya bwana harusi. Bwana Damian akavua kofia. Alisema kwamba kwa miaka kumi amewaambia watu wa nchi hii kuwa dume mdogo hafai, na wakamwamini, na ng'ombe wao wakafa. Hatasema hivyo tena. Dume huyu ndiye bora kuliko wote aliowahi kuwashika, na atakayempata amepata mali.

Mzee Jilala alitazama huku na huku, kisha akaangua kicheko. Bwana Koleo anasifu dume! Akasema jambo hilo peke yake linatosha, anampokea. Vigelegele vikapigwa, Mageni akapata mke, na Kashinje akaenda Masumbwe. Sisi tulirudi na kamba tupu. Nilimnunia Bwana Damian njia nzima, naye alinuna vilevile, lakini hakujuta.

Watu wengi hudhani hadithi ya kituo chetu inaanzia kwenye mafanikio. Ilianzia kwenye kamba ile. Kabla hatujafika kituoni alikuwa ameshapata wazo jingine. Kama dume haji kwa majike, majike waende kwa dume. Ng'ombe wa kituo kukaa kwenye zizi la mtu binafsi ni jambo ambalo halikuwa na mlango katika taratibu zetu, na Daktari Telesphori alibeba lawama nyingi kwa kukubali. Mungu amrehemu huko aliko. Bwana Damian aliwaswaga mitamba wetu kwa miguu hadi Masumbwe, mbele yao wakitangulia maksai wawili wa kituo waliofundishwa plau. Alimkabidhi Mzee Jilala maksai hao walime pamba, ili Kashinje abaki dume. Wakapatana kwamba ndama wagawanywe, nusu kwa nusu.

Kuanzia hapo kila msimu Bwana Damian alikuwa Masumbwe. Alilala kwa Mzee Jilala, alikula kwa Mzee Jilala, mpaka watu wakasema ameoa huko. Maneno yakamfikia mkewe, Mama Epifania. Mama huyu si mtu wa kutuma salamu. Alipanda lori hadi Masumbwe kumwona mke mwenzake, akamkuta mumewe zizini, mkono umezama ndani ya ng'ombe hadi begani, akisaidia ndama aliyekwama, kupe wanatembea kwenye kola. Alimtazama, akamwambia, "Baba Epifania, ungekuwa umeoa ungekuwa msafi zaidi." Akakaa naye wiki nzima, akawa anamshikia taa na kamba.

Mtihani wenyewe ulikuja mwaka 1981. Dawa ya josho ilikosekana. Tuliandika, tulisubiri, tulikwenda Isaka kuulizia mzigo kwenye mabehewa, tukarudi mikono mitupu. Mashimo ya majosho yakabaki na maji ya mvua na vyura. Kupe wakaongezeka mpaka ukipita majanini unajipangusa kama mwenye vumbi. Ng'ombe wetu chotara wa damu ya kigeni walianza kuvimba matezi, na zizini kwetu walikuwepo pia ndama wa Kashinje, mgao wetu wa miaka yote ile. Hapa ndipo tungejua kama Bwana Damian alipoteza miaka yake bure.

Chotara walikufa karibu wote. Kila asubuhi tulitoa mizoga. Kisha ndama wa Kashinje nao wakaugua, wakaacha kula, wakalala wamenyoosha shingo. Nilipima nikaona vijidudu vilevile. Wakubwa wetu wakashauri wauzwe kwa wachinjaji wangali hai, angalau kituo kisikose vyote, na lori likaja kweli. Bwana Damian akasimama langoni mwa zizi. Hakutukana wala hakupiga kelele. Alisema tu kwamba wakiuzwa leo hatutajua kamwe, na kwamba anayetaka kupita apite juu yake. Dereva alimtazama, akaona hakuna sababu ya kugombana na mtu mfupi mwenye sauti ile, akageuza lori.

Siku zilizofuata hakuna aliyemsemesha. Alikata majani mabichi, akawawekea midomoni, akawanywesha maji kwa chupa. Wapo waliokufa, na kila aliyekufa alimwinamia akamgusa paji la uso. Mimi nilishaanza kuomba lori lirudi, nakiri. Kisha mmoja akainuka, akaenda mwenyewe kwenye maji. Kesho yake wakainuka wengine. Kabla ya mwezi kwisha zizi lilikuwa na ndama wa Kashinje wakila, wamekonda, manyoya yamesimama, lakini wazima, na bila tone la dawa. Bwana Damian alikaa chini palepale kwenye samadi akalia kwa sauti yake yote. Tulimwacha alie.

Baada ya hapo wafugaji walikuja wenyewe. Tuligawa madume, tukagawa mitamba, na Mzee Jilala naye alikuwa anatoa wa kwake. Mwaka 1984 Kashinje alikuwa amezeeka hata hawezi kusimama. Walipomchinja siku ya mwisho, Bwana Damian alipelekewa nyama ya heshima, nundu. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaigawa kwa majirani wote, yeye hakuionja.

Mwaka jana mkuu wetu mpya alitaka kujua uzao wa Kashinje umefika wapi. Mimi na Bwana Damian tukazunguka kuwatafuta. Kila zizi tulilofika tuliambiwa wameondoka. Huyu alikwenda na mahari Isaka. Wale walikwenda kuolea Kalangalala. Ndama wa yule walivuka msitu na harusi ya mwaka juzi, na wakwe wa huko nao wameozesha mbele zaidi. Mama mmoja alituambia kwamba siku hizi wakwe wakikagua ng'ombe wanauliza kwanza kama yumo wa Kashinje, na asipokuwemo, mazungumzo yanakuwa marefu. Mahari, ile tuliyodhani imetupokonya dume wetu, ndiyo iliyombeba nchi nzima. Tulishindwa kabisa kuwafuatilia, tukarudi. Nilimwona Bwana Damian njiani akitabasamu peke yake.

Bwana Damian, wafanyakazi wenzako wa Mwalukonge tunakushukuru kwa kazi, kwa utani, na kwa kutugombeza pale tulipostahili na pale ambapo hatukustahili. Najua unaondoka na hofu moja, maana umeniambia: kwamba ukitoka wewe, kazi yote itapotea. Ondoa hofu hiyo. Uzao wa Kashinje hauko tena mikononi mwako wala mikononi mwetu, na hakuna tena mtu mmoja anayeweza kuumaliza, hata awe na bidii kama yako.

Wabeja sana, tunakushukuru. Nendeni salama, wewe na Mama Epifania, mle vizuri, mlale vizuri, mzeeke polepole.

Generosa Kulwa
Maabara, Kituo cha Mifugo Mwalukonge